Shajara ya Mradi: Kuiandaa Dell OptiPlex 9020 kwa Kuhariri Video za Masomo

Jumamosi: mashine ilivyo na kazi inayoisubiri

Mashine iliyoko mezani ni Dell OptiPlex 9020 ya kasha la wima, toleo lililoingia sokoni mwaka 2013, na kama nyingi za aina yake imefika kwetu ikiwa mtumba baada ya kumaliza miaka yake ya kazi katika ofisi za nje. Ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5-4570 yenye viini vinne, ram (kumbukumbu ya muda) ya DDR3 ya gigabaiti 8 katika vipande viwili, na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Kadi ya grafiki haina. Picha inatoka kwenye sakiti ya video iliyomo ndani ya prosesa yenyewe.

Kazi inayoisubiri ni kuhariri masomo ya hisabati ya kidato cha tatu na cha nne, ambayo mimi na mwalimu mwenzangu tunayarekodi hapa Tanga kwa simu mbili, moja ikiwa mbele ya ubao na nyingine ikiwa imefungwa juu ya daftari ili mwanafunzi aone kalamu inavyokwenda. Wanafunzi wengi wanayatazama kwenye simu za wazazi wao kwa bando dogo, kwa hiyo video ya mwisho haihitaji kuzidi nukta 1280 kwa 720. Hata hivyo simu ya daftari inarekodi katika ukubwa wa 4K, yaani 3840 kwa 2160, kwa sababu wakati wa kuhariri tunaisogeza picha karibu na mahali panapoandikwa, na picha ndogo ikisogezwa hivyo tarakimu hufifia. Hilo ni sharti la ufundishaji na sitalipunguza ili kuipunguzia mashine kazi.

Bajeti ni shilingi laki nne, na hakuna mahali pa kuiongezea. Nimeamua kwamba hakuna kifaa kitakachoagizwa kabla sijapima na kujua ni sehemu ipi hasa inayochelewesha kazi, maana laki nne zikitumika kwenye sehemu isiyo na tatizo, mwaka huu hakutakuwa na laki nne nyingine.

Jumapili: vipimo

Nilichukua somo letu la kanuni ya Pythagoras, nikaliweka katika programu ya kuhariri, nikalicheza huku nikitazama matumizi ya prosesa, ram na diski kwa pamoja. Faili za ubao, zilizobanwa kwa kodeki (kanuni ya kubana na kufumbua video) ya H.264 katika ukubwa wa 1920 kwa 1080, zilicheza bila shida zilipokuwa peke yake. Faili za daftari zilipoingia, viini vyote vinne vilifika kikomo na picha ikaanza kurukaruka, ilhali diski ilikuwa karibu imetulia.

Matokeo hayo yanaeleweka kwa hesabu. Video ya 1080 ya simu kwa kawaida hutumia takriban megabiti 17 kwa sekunde, sawa na megabaiti 2 na ushei, na hata diski kuukuu inayosoma megabaiti mia moja hivi kwa sekunde hailemewi na kiasi hicho. Uzito uko kwenye kufumbua. Fremu moja ya 4K ina nukta 8,294,400; ikifumbuliwa katika mpangilio wa 4:2:0, unaohifadhi rangi kwa nukta chache kuliko mwanga, inachukua megabaiti 12 na zaidi, na kwa fremu 30 kila sekunde prosesa inapaswa kujenga takriban megabaiti 373 kwa sekunde kutoka kwenye faili iliyobanwa sana. Isitoshe, faili za daftari zimebanwa kwa H.265, kodeki iliyoidhinishwa mwaka 2013, mwaka uleule prosesa hizi za kizazi cha nne zilipotoka. Sakiti ya video ya i5-4570 inafumbua H.264 vizuri, lakini uwezo kamili wa kufumbua H.265 Intel iliuingiza kwenye kizazi cha sita. Kwa hiyo viini vya kawaida vya prosesa vinafanya kwa nguvu kazi ambayo kwenye mashine mpya hufanywa na sakiti maalumu.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa kawaida halioni. Kodeki hizi hazihifadhi kila fremu kikamilifu: huhifadhi fremu kamili mara mojamoja, na kati ya fremu kamili mbili huandika tu kilichobadilika. Anayetazama video kutoka mwanzo hadi mwisho haathiriki, lakini mhariri akiruka hadi katikati ya sentensi, prosesa hulazimika kurudi kwenye fremu kamili iliyotangulia na kujenga zote zinazofuata mpaka ifike alipotaka. Mhariri anaruka hivyo mchana kutwa, na ndiyo maana mashine inayoonyesha filamu vizuri inaweza kushindwa kabisa kuhariri.

Kipimo cha pili kilitoa tatizo la aina nyingine. Programu ya kuhariri ikiwa wazi pamoja na kivinjari, gigabaiti 8 zilijaa na mfumo ukaanza kuazima nafasi kwenye diski. Hapo diski iliwaka mfululizo na kipanya chenyewe kikawa kizito. Kwa macho matatizo haya mawili yanafanana, kwa kuwa yote mawili ni kukwama, lakini la kwanza ni la kufumbua na la pili ni la ram. Anayenunua kwa kubahatisha ana hatari kubwa ya kutibu lisilokuwepo.

Jumatatu: mfumo endeshi na programu

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, kimsingi prosesa za kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo 9020 haimo katika mashine zinazokubaliwa rasmi. Nimeweka Linux Mint, ambayo ni bure, inaendelea kupata masasisho ya usalama, na inatumia ram kwa kiasi.

Uamuzi wa programu ya kuhariri ulinichukua muda zaidi. DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ina vifaa vya rangi ambavyo navipenda sana, na toleo lake la bure lina mambo mengi ambayo kwingine hulipiwa. Hata hivyo toleo hilo la bure kwenye Linux halifungui H.264 wala H.265, ambazo ndizo kodeki za simu zetu, na programu yenyewe imejengwa ikitegemea kadi ya grafiki yenye nguvu. Kuibadilisha kila faili kabla ya kuanza kazi, kisha kununua kadi ili programu iweze kutembea, si jambo la bajeti hii. Nimechagua Kdenlive, programu huria iliyojengwa juu ya injini ya MLT na maktaba za FFmpeg. Inafungua faili zetu zilivyo, na sehemu kubwa ya kazi zake hufanywa na prosesa.

Jumatano: proksi, kabla ya senti yoyote kutumika

Njia ya kwanza niliyojaribu haina gharama. Kdenlive inaweza kutengeneza proksi, yaani nakala ndogo na nyepesi ya kila faili kwa ajili ya kuhariria tu. Mikato, maandishi na sauti hupangwa juu ya nakala hizo, na wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, programu hurudi yenyewe kwenye faili asilia. Nimechagua upana wa nukta 960, kwa hiyo fremu ya proksi ni 960 kwa 540, ambayo ni sehemu moja ya kumi na sita ya nukta za 4K. Kodeki ya proksi niliyoichagua ni MJPEG, ambamo kila fremu inasimama yenyewe bila kutegemea iliyoitangulia. MJPEG inakula nafasi kubwa kuliko H.264 kwa ubora uleule, lakini nafasi si tatizo letu na kurukaruka ndani ya video ndilo tatizo letu.

Tofauti ni kubwa kiasi kwamba nilirudia kipimo ili niwe na hakika. Ubao na daftari sasa vinacheza pamoja kwenye taimulaini, viini vinne havifiki kikomo, na ninapoburuta alama ya kuchezea picha inafuata mkono. Prosesa ni ileile, diski ni ileile, ram ni ileile. Ninaliandika hili kwa msisitizo kwa sababu katika vijiwe vya mafundi ushauri wa kwanza ni kununua, na mwalimu au kijana mwenye mashine kuukuu anaweza kuacha kazi nzuri akiamini kuwa hana fedha za kuianza, wakati nusu ya dawa tayari imo ndani ya programu aliyonayo.

Gharama yake ni muda. Kutengeneza proksi za 4K kwa prosesa hii kunachukua muda mrefu kuliko urefu wa video yenyewe, kwa hiyo faili zinaingizwa jioni na kazi hiyo inafanyika usiku. Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni kwamba ukali wa tarakimu hauhukumiwi kwa kutazama proksi. Kila ninapoisogeza picha karibu na daftari, ninazima proksi ya faili hiyo kwa muda, ninaikagua fremu asilia, kisha ninairudisha.

Katika hatua hii lilijitokeza pia suala la kasi ya fremu. Simu nyingi hazishiki kasi moja. Hupunguza au kuongeza fremu kulingana na mwanga na joto, na katika somo refu sauti ya simu moja huanza kuachana na picha ya nyingine. Kdenlive inatoa tahadhari inapopokea faili ya namna hiyo na kupendekeza kuibadilisha. Tumekubaliana na mwenzangu kwamba faili zote zibadilishwe ziwe na kasi isiyobadilika ya fremu 30 kabla ya proksi kutengenezwa, na kwamba sauti itumike ya simu ya ubao pekee.

Jumamosi iliyofuata: ram

Sasa ndipo fedha zinaanza kutoka. Ubao mama wa 9020 una nafasi nne za ram na unapokea hadi gigabaiti 32 za DDR3. Nimeagiza vipande viwili vya gigabaiti 8 kutoka kwa muuza vipuri wa Kariakoo, vikapanda basi kuja Tanga. Nimeviweka kama jozi na kuacha vile vya gigabaiti 4 kwenye jozi ya pili, hivyo kila chaneli ina gigabaiti 12 na jumla ni 24. Jozi ina maana yake: chaneli moja ya DDR3-1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, na chaneli mbili zikifanya kazi pamoja kiwango hicho huongezeka maradufu, jambo ambalo sakiti ya video isiyo na kumbukumbu yake yenyewe inalihitaji kuliko mtu yeyote anavyodhani.

Kwa anayenunua ram ya mtumba, kuna aina moja ya kuepuka. Ram za seva huuzwa kwa bei ya chini sana na zina umbo linalofanana na hizi, lakini zile za aina ya RDIMM hazifanyi kazi kwenye mashine ya ofisi kama hii. Lebo yake huwa na herufi R baada ya namba ya kasi, kwa mfano PC3-12800R, na inayotufaa ina herufi U. Niliomba picha ya lebo kabla ya kutuma fedha, na baada ya kuviweka nikaviacha vipimwe usiku kucha kwa programu ya Memtest86+. Havikuonyesha kosa hata moja. Kuazima nafasi kwenye diski kumekwisha kabisa, hata kivinjari kikiwa wazi.

Jumanne: diski

SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya gigabaiti 500 imechukua karibu theluthi ya bajeti yote. Matundu ya SATA ya mashine hii yana uwezo wa gigabiti 6 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya juu inayoweza kupatikana ni megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na inatosha. Faida kubwa zaidi haiko kwenye kasi hiyo. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri kwa wastani zaidi ya milisekunde 4 ili sehemu inayotafutwa ifike chini ya kichwa chake, kabla hata ya kuhesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Mradi wenye mamia ya vijipicha, mawimbi ya sauti na proksi hulipa muda huo maelfu ya mara. Mradi uliokuwa ukifunguka kwa subira sasa unafunguka mara moja.

Kabla ya kuiamini niliijaza kwa faili za majaribio za programu ya F3, ambayo huandika na kusoma tena mpaka ithibitishe kwamba ukubwa ulioandikwa kwenye lebo ndio uliomo ndani. Soko letu lina diski nyingi zenye lebo za uongo, na anayezigundua baada ya kupoteza somo zima amechelewa. Diski ya zamani niliipima kwa smartctl, programu inayosoma hali ya afya ya diski. Haina sekta, yaani vipande vya hifadhi, zilizohamishwa kwa kuharibika wala zinazosubiri kuhamishwa, kwa hiyo inabaki kama ghala la faili asilia. Mfumo, kache, proksi na mradi wa wiki vinakaa kwenye SSD.

Alhamisi: kadi ya grafiki ambayo sikuinunua

Yule muuza vipuri alinipigia kuuliza kama ram imefika salama, akaongeza, "Mwalimu, bila kadi ya grafiki hiyo video utaisikia kwa wenzako." Ni mtu mkweli katika biashara yake, na ushauri wake ndio ambao wengi wangenipa, kwa hiyo niliutafakari kwa haki.

Pawa saplai ya 9020 ya kasha hili ni ya wati 290, na plagi yake ya kwenye ubao mama ni ya Dell yenyewe, ya pini nane, hivyo kuibadilisha kwa ya kawaida kunahitaji adapta na gharama nyingine. Kadi inayofaa ni ile inayoishi kwa wati 75 za tundu la PCI Express pekee, na kwa bei yetu hiyo ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au baadhi ya GTX 1650 za mwaka 2019. Ya kwanza ndiyo inayofikika, lakini Nvidia, mtengenezaji wake, imetangaza kuwa tawi la 580 la draiva zake za Linux (programu zinazoiwezesha kadi kufanya kazi) ndilo la mwisho kwa kizazi chake.

Swali kuu ni kazi gani ingefanya. Ingefumbua H.265 kwa sakiti yake, lakini proksi zimekwisha kuondoa haja hiyo wakati wa kuhariri. Ingerenda kwa kasi kubwa, na hilo ni kweli, lakini kwa kiwango kidogo cha data, x264, programu inayobana video kwa H.264, ikitumia prosesa taratibu hutoa picha safi zaidi kwa ukubwa uleule wa faili kuliko sakiti ya kadi hiyo. Mwanafunzi wetu analipia kila megabaiti. Ikiwa ninaweza kumpa tarakimu zinazosomeka ndani ya faili ndogo kwa kuiacha mashine ikirenda usiku, basi haraka ya kadi ingekuwa kwa starehe yangu na gharama ingebaki kwake. Kadi imeondolewa kwenye orodha.

Kwa anayefanya kazi ya rangi katika Resolve, au anayetakiwa kukabidhi video ya harusi kesho yake asubuhi, uamuzi sahihi unaweza kuwa kinyume cha huu.

Jumamosi: prosesa na joto

Sehemu ya fedha iliyobaki imenunua prosesa ya Core i7-4770 ya mtumba. Ina viini vinne kama i5, lakini kila kiini kinashughulikia nyuzi mbili za kazi, kache yake (kumbukumbu ndogo ya ndani) ni megabaiti 8 badala ya 6, na matumizi yake ya umeme yamewekwa kwenye wati 84 zilezile, kwa hiyo pawa saplai haiongezewi mzigo wa maana. Nilipewa pia Xeon E3-1230 v3 kwa bei ya chini, yenye nyuzi nane vilevile, lakini haina sakiti ya video. Bila kadi ya grafiki mashine isingeonyesha chochote.

Kazi yenyewe inahitaji utulivu, kwa sababu katika soketi hii ya LGA 1150 pini ziko kwenye ubao mama, si kwenye prosesa, na pini moja ikipinda ubao wote unaweza kupotea. Skrubu nne za kipozeo zinalegezwa kwa kupokezana kona kwa kona. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama chokaa. Niliifuta kwa spiriti, nikaweka mpya kidogo katikati, na kulisafisha feni kwa brashi huku nikilizuia lisizunguke. Hewa ya pwani yenye chumvi na vumbi imeacha alama kila mahali ndani ya kasha. Betri ya CR2032 nayo imebadilishwa, kwa kuwa saa ilikuwa ikirudi nyuma kila umeme unapokatika na faili zikapata tarehe zisizo zake.

Wakati wa kurenda, joto sasa linasimama karibu nyuzi 70 za Selsiasi, mbali na 100 ambazo ni ukomo wa prosesa hii, ilhali i5 kabla ya kusafishwa ilikuwa ikipita 85. Kurenda na kutengeneza proksi kumeharakika kwa karibu robo. Sikutarajia zaidi, kwa sababu nyuzi za ziada si viini vya ziada, lakini robo ya usiku mzima ina maana kwetu.

Jumatano: somo la kwanza kamili

Somo la Pythagoras limerendwa upya kutoka mwanzo: 1280 kwa 720, x264 yenye CRF 23 (kipimo cha ubora: namba ikipanda, faili na ubora hupungua) na mpangilio wa taratibu, sauti ya AAC ya kilobiti 96 kwa chaneli moja. Ubao na daftari hazina mtikisiko mwingi, kwa hiyo wastani umetoka karibu kilobiti 500 kwa sekunde, sawa na megabaiti 112 hivi kwa nusu saa. Mwenzangu alilitazama kwenye simu yake ya bei nafuu na kusoma kila kipeo bila kukaza macho. Tutajaribu pia CRF 25 kwa masomo ya ubao mtupu, na daftari litabaki kwenye 23.

Kilichobaki kwenye bajeti kinawekwa kwa ajili ya UPS ndogo (betri ya kuishikilia mashine umeme unapokatika), kwa kuwa mashine na skrini yake hazizidi wati 150 kwa hesabu yangu na dakika kumi zinatosha kuhifadhi mradi na kuzima kwa utaratibu. Baada ya hapo itafuata diski ya nje kwa nakala ya pili ya faili asilia, ambayo kwa sasa tunaiazima kutoka ofisi ya taaluma kila Ijumaa. Somo linaloingia kwenye foleni usiku huu ni la trigonometria, lenye faili za daftari pekee.